TUSITIE SAHIHI GIZANI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa gengi la njia katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Kamati imetutaka sisi watu wa gengi tuseme machache juu ya sheria za kila siku. Yafaa tuseme tangu mwanzo kwamba sisi si mawakili. Tumesoma shule ya msingi ya misheni, tukafundishwa kusoma, kuandika na hesabu, kisha tukashika nyundo na sururu. Lakini sheria hazikuwekwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Zatushika sisi siku tunapoandikwa kazi, siku tunapokatwa mshahara, siku tunapoitwa ofisini, na hata siku tunapomsaidia mwenzetu kukopa. Kwa hiyo tumezisoma polepole, tukauliza kwa wanaojua, na haya tuliyoyapata twawaletea.

Neno letu la leo ni moja. Mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa, na akisha kutia, ashike nakala na aandike tarehe. Mengine yote tutakayosema ni matawi ya mti huo.

Kazini kwetu jambo hili si geni. Gari la moshi haliondoki stesheni kwa kusikia tu. Dereva hungoja kibali cha njia, na stesheni masta huandika kitabuni saa gari lilipoingia na saa lilipotoka. Mpita njia akimwambia dereva, "Nenda tu, njia ni nyeupe," dereva hamsikilizi, maana mbele yaweza kuwa na gari jingine linakuja. Lakini dereva huyo huyo, au sisi wa gengi, tukiletewa karatasi ya kurasa nne na karani mwenye haraka akasema, "Tia hapa tu, ni kawaida," twatia bila kuuliza mbele kuna nini.

WAZEE WETU NA KARATASI

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuogopa karatasi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutumika kwa nguvu. Mwanamume Mwafrika alipaswa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, na ndani yake mliandikwa tajiri wake na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha chuma. Mtu akiacha kazi kabla tajiri hajaandika kwamba amemwachilia, alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Karatasi ile ilimsemea tajiri, haikumsemea aliyeibeba.

Siku hizi mambo yamegeuka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki katika mambo ya kazi, na kila mfanya kazi aweza kuingia katika chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imemtwika tajiri, yaani mwajiri, mzigo wa kuandika na kuweka kumbukumbu. Lakini hofu ya wazee bado imo ndani yetu. Tukiona karatasi twainama, twatia sahihi, twaondoka upesi. Hofu hiyo yatugharimu, nasi tutaonyesha jinsi gani.

LUGHA UNAYOIELEWA

Wengi wetu husema, "Sheria ni Kiingereza, sisi tutajuaje?" Ni kweli, na Kiingereza chenyewe ni cha mawakili, hata aliyesoma sana hukwama ndani yake. Lakini sheria yenyewe imelijua jambo hili.

Sheria ya Ajira yasema kwamba ikiwa mfanya kazi hajui kusoma, au haielewi lugha iliyoandikiwa mapatano, tajiri lazima aelezewe mfanya kazi huyo mapatano hayo kwa lugha anayoielewa. Yasema tena kwamba kabla ya kuachishwa kwa ajili ya kosa, kazi mbovu au udhaifu wa mwili, mfanya kazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Na Katiba yasema kwamba mtu akikamatwa, aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Na akipelekwa mahakamani asiijue lugha ya pale, apewe mkalimani bila kulipa.

Basi kusema "Sijaelewa" si ujeuri wala si aibu. Twaweza kusema kwa heshima: "Mkubwa, naomba nielezwe ukurasa huu kwa Kiswahili, na naomba nakala nikaisome." Maneno hayo hayamtukani mtu. Akikataa, andika tarehe na jina lake, kisha mwambie mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.

MAPATANO NA KARATASI YA MSHAHARA

Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mapatano ya maandishi, na kuyaandika ni juu ya tajiri. Wako wanaofikiri kwamba kama hawakupewa karatasi, basi hawana haki yo yote. Sivyo. Kesi ikifika mahakamani na tajiri akashindwa kutoa mapatano hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa.

Ndugu zetu vibarua nao wasikilize. Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mtu akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mtu wa mwezi, na kumwachisha kwataka notisi ya maandishi ya siku 28. Lakini utajuaje siku ulizofanya kama hukuziandika? Daftari la shule na kalamu vyatosha. Andika tarehe, mahali ulipofanya kazi, na jina la nyapara.

Karatasi ya mshahara nayo tusiitupe. Wengine huitazama mstari wa chini tu, wakaona kilichobaki, wakaifungia tumbaku. Tazama makato. Jumla ya yote anayokata tajiri haifai kupita theluthi mbili za mshahara. Mtu wa Shs. 30,000/- asikatwe zaidi ya Shs. 20,000/-, hata akiwa na mikopo mingi namna gani. Tena tazama kama fedha zilizokatwa zilifika zilikokuwa zikienda. Kuona neno NSSF kwenye karatasi si ushahidi kwamba NSSF wamezipokea. Nenda kaulize hesabu yako ungali kazini na ungali na nguvu, usingoje siku ya kustaafu.

Na ukiumia kazini, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, na ikiwezekana kwa maandishi. Tajiri akisha kujua, ana siku saba za kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia nalo lina muda wake, ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Mtu aliyepondwa kidole na taruma la reli akajifunga kitambaa akanyamaza, baada ya miaka miwili atasema nini?

BARUA YA KUJIELEZA

Sasa twafika mahali ambapo wenzetu wengi huanguka. Mtu hupewa barua: "Jieleze kwa nini usichukuliwe hatua." Yeye hukasirika, akairarua, au huogopa akaandika, "Naomba msamaha, sitarudia," kwa jambo ambalo hakulifanya, akidhani ombi la msamaha litamaliza maneno. Barua ile ya msamaha huwekwa kwenye faili, na siku ya kesi ndiyo inayosomwa kwanza.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chafaa kila mwanachama akijue kwa namba yake. Chasema kwamba kabla ya kuachishwa kwa ajili ya kosa, kazi mbovu au udhaifu wa mwili, mfanya kazi aelezwe sababu, na ana haki ya kuwa pamoja na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama wa pale kazini, anayemchagua mwenyewe. Hata kosa kubwa la kufukuzwa papo hapo halimwondolei haki ya kusikilizwa kwanza. Mahakama zimehukumu mara nyingi kwamba mtu aliachishwa isivyo haki kwa sababu tu hakusikilizwa, ijapokuwa kosa lilikuwapo.

Kwa hiyo ukipata barua ya namna hiyo, fanya hivi. Andika juu yake tarehe uliyoipokea. Usijibu siku hiyo kwa hasira. Ipeleke kwa mwakilishi wa chama. Jibu kwa maandishi, kwa maneno machache ya kweli, kabla muda uliopewa haujaisha, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri au kutiwa sahihi na aliyeipokea. Siku ya kuitwa, nenda na mwenzako. Ukiambiwa, "Ingia peke yako," sema kwa upole kwamba kifungu cha 41 chakuruhusu kuwa na mtu, na uombe jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Tuseme na upande wa pili, tusije tukadanganyana. Sheria haimlindi mlevi kazini, wala mtoro, wala anayekataa amri halali, wala mwizi wa mali ya tajiri. Mambo hayo yametajwa kwa jina kuwa makosa makubwa. Chama kitasimama na mwanachama asikilizwe kwa haki, lakini chama hakiwezi kufuta harufu ya pombe.

SIKU ZINAHESABIWA

Mtu akiachishwa kazi, jambo la kwanza analofanya ni kwenda nyumbani. Ana aibu, hataki majirani wajue. Analima kidogo, anangoja "mambo yapoe". Mwezi wa kwanza hupita, wa pili hupita, na mwezi wa nne ndio anakuja tawini na mfuko wa karatasi. Huruma tunayo, lakini huruma haipanguzi kalenda.

Sheria ya Ajira yampa mtu miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa kupeleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi, yaani kule tunakoita Leba. Chama nacho kina kamba shingoni: chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, ugomvi juu ya kuachishwa mtu upelekwe kwa Waziri kwa muda wa siku 90. Kuchelewa kwaweza kuombewa nafasi kwa sababu nzuri, lakini nani atakuhakikishia kwamba sababu yako itakubaliwa? Mlango wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa wazi kwa miaka mitatu, kisha hufungwa, wala jaji hana uwezo wa kuufungua tena. Wala mazungumzo na ofisi ya tajiri hayasimamishi siku hizo. Wengine wamezungushwa kwa maneno mazuri, "Njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi," hata muda ukaisha.

Basi twaomba: ukipata barua ya kuachishwa leo, fika tawini juma hili hili. Lia baadaye.

KARATASI YA MWISHO

Siku ya kuondoka kazini huja karatasi nyingine, na hii ndiyo yenye hatari kuliko zote. Huwekwa mezani pamoja na hundi. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba umelipwa haki zako zote, na kwamba huna dai lo lote juu ya tajiri sasa wala siku zijazo. Mfanya kazi aona hundi, karo ya watoto imo kichwani, atia sahihi.

Akija baadaye kudai malipo ya livu au ya notisi, karatasi ile huonyeshwa. Mahakama zetu mara nyingi huihesabu kuwa ni mapatano kamili, ikiwa mtu aliitia sahihi kwa hiari yake na akijua alichokuwa akitia. Aliyelazimishwa au kudanganywa aweza kuipinga, lakini ni juu yake kuthibitisha, na kuthibitisha ni kazi.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi hiyo piga hesabu mwenyewe. Mshahara wa siku ulizofanya. Notisi. Livu ambayo hukuichukua, ukikumbuka kwamba sheria yatoa si chini ya siku 21 za kazi kwa kila mwaka kwa malipo kamili. Malipo mengine yaliyo katika mapatano ya chama. Kama hesabu haziafikiani, omba siku moja uilete karatasi tawini. Na usiondoke bila cheti cha kazi. Hicho ni haki yako hata kama mmeachana kwa ugomvi. Si zawadi ya tajiri.

SAHIHI KWA AJILI YA MWENZIO

Tumesema juu ya tajiri. Sasa tuseme juu yetu wenyewe, maana sahihi nyingi za gizani twaombana sisi kwa sisi. Mwenzako wa zamu moja akujia jioni: "Ndugu yangu, nitilie sahihi kwenye Sacco, ni jina tu." Wewe hutaki kuonekana mchoyo. Watia.

Si jina tu. Sheria ya mikataba yasema kwamba ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haishitakiwi mpaka iwe ya maandishi na imetiwa sahihi na yule anayeahidi. Maana yake ni kwamba sahihi yako ndiyo hasa inayokufunga. Bila hiyo ulikuwa huru. Kwa hiyo umekuwa mdeni wa pili. Mwenzako akiacha kulipa, akiba yako yaweza kuchukuliwa, na Sacco nyingi hazikuruhusu kutoa akiba yako na kuondoka mpaka mkopo uliodhamini uishe au apatikane mdhamini mwingine.

Hatusemi mtu asimdhamini mwenzake. Ujamaa wa wafanya kazi ungekufa. Twasema aulize kwanza: mkopo ni kiasi gani? Ni wa miezi mingapi? Wadhamini wengine ni nani? Amebakiwa na miaka mingapi kazini? Na kama sahihi ni ya kiasi fulani tu, kiasi hicho kiandikwe kwenye karatasi. Rafiki wa kweli hatakasirika kwa maswali hayo.

Ukilazimika kulipa deni lake, una haki ya kumdai yeye. Deni la fedha lisilozidi Shs. 1,000,000/- laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na sasa iko miji mingine pia. Huko mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi imalizike kwa siku 60. Lakini tukumbuke kwamba ugomvi wa kazi na ugomvi wa kumiliki ardhi hauendi huko.

UKISHIKWA NA POLISI

Jambo hili twalipitia upesi, lakini lina jino. Aliyekamatwa aweza kunyamaza, aweza kuzungumza na wakili, na apelekwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Dhamana ya polisi ya kutia sahihi ni bure. Ukitoa fedha za dhamana, dai risiti, maana fedha hizo hurudishwa kesi ikiisha nawe ukiwa umefika kila ulipoitwa.

Na hapa pana neno ambalo wengi hawalijui. Mtu akikamatwa kwa kosa linaloweza kumtia gerezani, asipotolewa kwa dhamana au kuachiliwa kwa njia halali ndani ya siku 14, sheria yamruhusu tajiri kulihesabu kuwa kosa kubwa la kazi. Basi jamaa zetu nyumbani wafundishwe: tukishikwa, wasilie tu na kungoja. Watafute dhamana, na wapeleke habari kazini na tawini kwa maandishi.

TUFANYE NINI?

Twaleta mbele ya mkutano huu mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama awe na bahasha moja nyumbani, mahali panya hawafiki: mapatano ya kazi, karatasi za mshahara, barua zote, na daftari la tarehe. Mkewe au mumewe ajue ilipo. Pili, kila gengi, kila karakana na kila stesheni iwe na mtu mmoja anayesoma vizuri, atakayewasomea wenzake karatasi kabla hawajatia sahihi, bila malipo na bila kutangaza siri za watu. Tatu, tawi liweke kitabu kama kile cha stesheni, kiandikwe siku kila shauri lilipoingia na siku muda wake utakapokwisha, ili shauri la mwanachama lisilale ndani ya droo yetu wenyewe.

Kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na ofisi iliyowekwa chini yake kwa kazi hiyo. Mwenye shida asikae nyumbani akidhani milango yote ni ya matajiri.

Ndugu zetu, reli hii ilianza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na tangu siku hizo watu wa kazi yetu wametia vidole na sahihi zao kwenye karatasi zisizohesabika. Wengi walitia bila kuambiwa zinasema nini. Sisi tumebahatika kuwa na sheria inayosema tuelezwe. Tuitumie. Mwenye karatasi asiyoielewa, na ailete kesho jioni baada ya zamu. Tutakuwa ofisini mwa tawi mpaka saa mbili usiku.

 Umoja ni nguvu.